Kabla ya kununua kompyuta 40, semeni zitawekwa mfumo kwa saa ngapi

Mhariri,

Bajeti za kaunti zetu za magharibi zinaposomwa, husikia idadi ya kompyuta zitakazonunuliwa kwa vyuo vya kiufundi, maktaba na vituo vya vijana. Idadi hiyo hupigiwa makofi. Ambalo silisikii ni hili: kompyuta hizo zikishateremshwa kutoka kwenye lori, nani ataziwekea mfumo endeshi, kwa njia gani, na kwa muda gani? Mimi ni fundi wa maabara za kompyuta hapa Kisumu. Kazi hunitoa Kondele ikanipeleka Luanda, Mbale, Kakamega na wakati mwingine Busia, na naomba nafasi katika gazeti lako nilipasulie mbarika suala hili, kwa kuwa fedha za umma zinapotelea hapo bila mtu kuiba hata shilingi moja.

Limekuwa suala la dharura. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga usaidizi wa kawaida wa Windows 10, mfumo uliojaa katika maabara ninazozihudumia. Windows 11 nayo haikubali kila mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya gigabaiti 4 kwenda juu na diski ya gigabaiti 64 au zaidi. Vyuo vilivyopewa kompyuta za msaada au vilivyonunua za mtumba vinajikuta na mashine zisizotimiza masharti hayo, na mimi husema wazi kwamba hizo zihamishiwe Linux, mfumo endeshi wa bure, zisitupwe. Liwe liwalo, kila mashine lazima iguswe. Ukizigusa moja moja kwa flashi, ukaweka mfumo, draiva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine), programu za ofisi, programu za uhasibu na za kuchora ramani za majengo, unaweza kumaliza wiki nzima katika chumba kimoja, na mwisho wa wiki utakuta hakuna mashine mbili zinazofanana.

Njia ya mtandao ipo, na si ya jana. Intel ilichapisha toleo la 2.1 la PXE, utaratibu wa kuiwasha kompyuta kupitia mtandao, mwaka 1999, na karibu kila kompyuta ya mezani inayouzwa leo inao tayari ndani yake. Kompyuta tupu ikiwashwa huomba anwani. Seva, yaani kompyuta inayozihudumia nyingine, huipa anwani ya mtandao kwa huduma iitwayo DHCP na kuielekeza lilipo faili la kuanzia. Faili hilo huvutwa kwa TFTP, njia rahisi ya kutuma mafaili, kisha mfumo mdogo huamka ndani ya RAM na kuanza kuvuta imeji, yaani nakala moja ya mfumo iliyotayarishwa mapema ikiwa na kila kitu ambacho mwanafunzi atahitaji. Unatayarisha mashine moja vizuri, unaichukua imeji yake, unaimwagia chumba kizima. Programu ya kusimamia kazi hii si lazima inunuliwe: FOG ni ya bure na hukaa juu ya Linux. Leseni za Windows ni jambo jingine, na chuo kinachotaka kumwaga imeji moja kwenye mashine nyingi kinapaswa kuwa na leseni ya jumla inayoruhusu hivyo.

Tatizo letu ni vifaa. Zabuni ya seva huandikwa kana kwamba tunanunua kompyuta kubwa tu, na maneno yanayoandikwa kwa wino mzito ni prosesa na ukubwa wa diski. Katika kazi hii, hayo mawili ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote.

Nitatoa mfano nilioushuhudia katika chuo kimoja cha kaunti jirani, ambacho sitakitaja. Seva ilikuwa ya kutamanisha: prosesa mbili, diski moja ya terabaiti 8, RAM ya gigabaiti 8. Kompyuta 40 mpya zilikuwa zimepangwa, nailoni bado imo kwenye baadhi ya vioo. Mwanakandarasi alikuwa amekwisha kulipwa na kuondoka. Tulipoziwasha zote zikaanza kuvuta imeji, asilimia kwenye skrini zikakwama kwenye 1, zikakaa, zikakaa, zikaenda kwenye 2. Mkuu wa idara alidhani seva ni mbovu. Nilifuata kebo kutoka chumba cha seva hadi maabara nikakuta, nyuma ya kabati, swichi (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao) kuukuu ya matundu manane iliyoachwa hapo tangu enzi za maabara ya zamani. Kwenye swichi kuu mpya, taa ya kijani ilimaanisha gigabiti moja na ya rangi ya machungwa ilimaanisha megabiti 100. Taa za kompyuta zote 40 zilikuwa kijani. Ile ya laini inayotoka kwa seva ilikuwa machungwa. Ilikuwa kama kuyatoa magari yote ya stendi ya Kisumu kupitia lango la baiskeli.

Hebu tupige hesabu pamoja, kwa sababu hii ndiyo hesabu ambayo sijaiona katika hati ya zabuni hata moja. Tuseme imeji ina gigabaiti 15. Kompyuta 40 zikivuta kila moja nakala yake, seva inapaswa kutoa gigabaiti 600. Laini ya megabiti 100, kwa uhalisia, hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Gawanya: ni saa 15 na ushei. Laini ya gigabiti moja hupitisha takriban megabaiti 110 kwa sekunde, na kazi hiyohiyo huchukua saa moja na nusu. Seva ikiwa na kadi ya gigabiti 10 na swichi yenye tundu linaloipokea, huku kompyuta zikibaki na gigabiti moja moja zao, laini huacha kuwa kizuizi na unaweza kumaliza chini ya nusu saa. Tofauti kati ya saa 15 na nusu saa haikuletwa na prosesa wala na terabaiti 8.

Kebo nayo itazamwe. Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya zilizo ndani ya kebo ya mtandao. Fundi akibana kichwa vibaya jozi moja isishike, mara nyingi vifaa hushuka kimya kimya hadi megabiti 100, intaneti inaendelea kufanya kazi kama kawaida na hakuna anayegundua mpaka siku ya kumwaga imeji.

Nirudi chuoni. Tuliiondoa ile swichi, taa ikawa kijani, na ufinyu ukahamia kwenye diski. Diski ya kuzunguka husoma vizuri, megabaiti 150 kwa sekunde au zaidi, mradi inasoma faili moja kwa mfululizo. Kompyuta zinazoanza kwa kupishana dakika mbili tatu huitaka sehemu tofauti za imeji kwa wakati mmoja, kichwa cha diski kinarukaruka, na kasi inaporomoka vibaya. Ukiweka sikio karibu na seva unaisikia diski ikikwaruza bila kupumzika. SSD ya kawaida ya SATA, yaani diski ya chipu isiyozunguka, haina kichwa cha kurusha na hutoa karibu megabaiti 500 kwa sekunde. Niliihamishia imeji kwenye SSD iliyokuwa katika mkoba wangu, tukaanzisha upya, na kabla ya wanafunzi kutoka kwenda kula chakula cha mchana chumba kizima kilikuwa tayari.

RAM ndiyo siri ambayo maafisa wa ununuzi hawajaambiwa. Mfumo wa seva hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi kile ulichokwisha kukisoma kutoka kwenye diski. Imeji ya gigabaiti 15 ndani ya seva yenye RAM ya gigabaiti 32 husomwa kutoka kwenye diski mara moja tu. Kompyuta zinazofuata huipata kutoka kwenye RAM moja kwa moja. Ndani ya RAM ya gigabaiti 8 haienei, na seva inalazimika kurudi kwenye diski tena na tena. Na prosesa? Kazi nzito ya kufungua imeji iliyobanwa hufanywa na kompyuta inayopokea. Seva inagawa tu. Prosesa moja ya kawaida yenye viini vinne inatosha chumba kama hicho. Imeji kumi za gigabaiti 15 ni gigabaiti 150, kwa hiyo SSD mbili za gigabaiti 500 zinazoakisiana, moja ikifa nyingine ishike, zinatosha na kubakiza. Fedha zilizoingia kwenye prosesa ya pili na terabaiti zisizojaa zingeweza kununua RAM, SSD, kadi ya gigabiti 10 na swichi mpya.

Kuna pia njia ya kutuma mkondo mmoja unaosikilizwa na kompyuta zote kwa pamoja, ili gigabaiti 15 zipite mara moja badala ya mara 40. Ni nzuri pale mashine zote ni za aina moja na swichi ni ya kusimamiwa, inayojua ni matundu gani yameomba mkondo huo. Kwenye swichi za bei rahisi mkondo humwagika kila tundu, hata kwa printa na simu za mezani za ofisini, na mtandao wa chuo kizima unalemewa. Isitoshe, mashine iliyo goigoi kuliko zote ndiyo huamua mwendo wa kundi. Katika maabara zetu zenye mchanganyiko wa mashine mpya na kuukuu, mimi huiacha.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: saa 15 ni usiku mmoja tu, si waziwashe jioni wazikute tayari asubuhi? Anayeuliza hivyo haishi huku. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi sana duniani. Kisumu na Kakamega mvua yetu hupenda kuja alasiri na jioni, ikiwa na ngurumo, na stima huyumba au hupotea. Kompyuta za mezani zikizima katikati ya kupokea imeji, zinaanza upya kutoka sufuri. UPS, betri ya akiba ya umeme, inaikinga seva na diski zake, na lazima iwepo, lakini hakuna chuo ninachokijua kinachoweza kuweka UPS kwa kila kompyuta 40. Kinga tuliyo nayo ni kumaliza haraka. Kazi ya nusu saa au saa moja na nusu huifanya asubuhi, jua likiwa wazi, na mawingu yakianza kujikusanya upande wa Nandi nimekwisha kufunga mkoba. Kwa hiyo kadi ya gigabiti 10 isionekane kuwa anasa ya watu wa Nairobi. Sisi tunaihitaji zaidi kuliko wao.

Radi hiyohiyo inanifanya niombe jambo jingine: kebo ya shaba isivutwe hewani kutoka jengo moja hadi jengine. Nimetoa swichi ambazo matundu yake yaliungua kwa sababu ya kebo iliyoning'inizwa kutoka ofisi ya utawala hadi maabara. Faiba ya kioo haipitishi umeme. Kati ya majengo iwekwe faiba, hata kama ni mita 40 tu.

Na joto. Miongozo ya vyumba vya seva hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Mchana wa Kisumu hukaribia nyuzi 30 mara kwa mara, na seva nyingi nimezikuta kwenye stoo isiyo na dirisha chini ya mabati. Chumba kiwe na dari na feni ya kutoa hewa angalau, na chujio la mbele lisafishwe, hasa majira wadudu wa ziwani wanapovamia taa.

Kuna pendekezo ambalo nimelisikia katika mikutano zaidi ya mmoja na ambalo linanitia hofu. Serikali ya kitaifa imeahidi kituo cha kidijitali katika kila mojawapo ya wadi 1,450 nchini. Baadhi ya wataalamu wanashauri kaunti inunue seva moja kubwa, ikae makao makuu, na vituo vyote vya wadi viwekewe mifumo kutoka hapo kupitia laini za intaneti. Kwenye karatasi linaonekana kubana matumizi. Lakini TFTP, katika hali yake ya msingi, hutuma kipande cha baiti 512, husubiri jibu kwamba kimefika, ndipo hutuma kingine. Faili la kuanzia la Windows lenye megabaiti 500 ni vipande karibu milioni moja. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi kati ya makao makuu na wadi ni milisekunde 20, kusubiri pekee ni zaidi ya saa tano, hata laini iwe pana namna gani, na hapo imeji yenyewe haijaanza kuvutwa. Zipo mbinu za kukuza vipande na kutuma vingi kwa mkupuo, nami huzitumia, ila haziondoi mzigo wa gigabaiti 15 kwa kila mashine juu ya laini ambayo wakazi wa wadi wanaitegemea kwa kazi zao.

Kwa vituo vidogo vyenye kompyuta kumi hadi ishirini, ninapendekeza seva ya kubebeka. Ni mashine ndogo yenye SSD ya terabaiti moja, RAM ya gigabaiti 32, tundu la gigabiti au zaidi, na swichi yake yenyewe ya matundu 24, vyote katika sanduku linaloingia nyuma ya gari. Fundi anafika, anazichomoa kompyuta kutoka mtandao wa kituo, anazichomeka kwenye swichi yake, anamwaga imeji, anazirudisha. Kaunti ikiwa na masanduku mawili inahudumia wadi zote kwa zamu, na moja likiharibika lipo la pili. Kutenganisha mtandao huko kuna faida ambayo fundi yeyote wa kazi hii ataikubali. Vituo vingi vina kiruta cha intaneti kinachogawa anwani chenyewe, na wakati mwingine mtu wa ofisi ameongeza cha pili bila kumwambia yeyote. Kompyuta inayoamka kwa PXE inaweza kumfuata aliyejibu kwanza. Akijibu yule asiyejua lolote kuhusu imeji, inapata anwani lakini haipati pa kwenda, na unaweza kuzunguka chumba saa nzima ukilaumu seva isiyo na kosa.

Ombi langu ni kwa mabunge ya kaunti, bodi za vyuo na maafisa wa ununuzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka masharti ya kiufundi, pale inapofaa, yazingatie pia kazi na utendaji wa kifaa, na kwa kawaida hairuhusu zabuni kulenga chapa fulani. Basi itumieni. Badala ya kunakili sifa za seva kutoka kwenye kijitabu cha muuzaji, andikeni: tuna kompyuta 40, imeji yetu ni ya gigabaiti 15, tunataka zote ziwe tayari ndani ya saa moja, zikiwa zimeanzishwa kwa wakati mmoja, kupitia nyaya na swichi utakazotuwekea wewe. Mwachieni mzabuni achague prosesa. Orodhesheni swichi, kebo, kadi ya mtandao na UPS katika zabuni ileile ya seva, ili asiwepo wa kusema "hiyo swichi nyuma ya kabati si yangu."

Na malipo ya mwisho yasitoke kabla ya jaribio. Mwanakandarasi aje siku ya kawaida ya masomo, kompyuta zote 40 zikiwa tupu, mkuu wa idara, fundi wa chuo na mwakilishi wa wanafunzi wakiwepo. Ziwashwe zote. Saa iangaliwe. Zikiwa tayari ndani ya muda ulioandikwa, hati itiwe saini hapohapo. Zisipokuwa tayari, arudi na kifaa kinachokosekana kwa gharama yake.

Fundi wa maabara za kompyuta,
Kondele, Kisumu